Ile video ya "vampaya" nimeitoa, na sitairudisha

Wasee, inboksi yangu wiki hii yote imekuwa na swali moja: ile video ya Masten Wanjala imeenda wapi? Kuna aliyeuliza kama karao wamenitembelea. Mwingine akasema nimeanza kuringa kwa sababu nimepata wafuasi. Hakuna mtu amenitisha, na wafuasi wenyewe mnajijua, hamko wengi hivyo. Niliitoa mwenyewe Jumapili usiku nikiwa kitandani hapa Lavington, na ndiyo ilikuwa video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Sitadanganya, iliniuma. Hii maikrofoni mnayonisikia nayo ilitoka kwa hiyo video.

Basi acha nieleze. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo kama uko kwa matatu na imekwama pale James Gichuru, una bahati.

Kwanza kwa wale walikuwa wadogo 2021, au walikuwa wakubwa lakini hiyo habari iliwapita. Tarehe 14 Julai 2021, DCI walitangaza kwamba wamemkamata kijana wa miaka 20 anayeitwa Masten Milimo Wanjala. Watoto wawili wa Majengo, mmoja wa miaka 12 na mwingine 13, walikuwa wamepotea, na miili yao ikapatikana Kabete. Polisi walisema kijana huyo alipohojiwa alikiri kuua watoto wasiopungua 10 katika muda wa miaka mitano, na kwamba wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 12 huko Machakos. Piga hesabu. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa na umri wa kuvaa yunifomu ya sekondari. Waliofuata wengi walikuwa wavulana. Baadhi yao aliwavuta kwa kujifanya kocha wa mpira. Kuna familia alizipigia simu akiitisha pesa.

Mahakama iliruhusu polisi wamzuilie siku 30 wakiendelea na uchunguzi. Asubuhi ya tarehe 13 Oktoba, siku aliyopaswa kufikishwa kortini, mahabusu wakahesabiwa katika kituo cha Jogoo Road na yeye hayupo. Maafisa watatu waliokuwa zamu wakakamatwa. Siku mbili baadaye Wanjala alikuwa kwao Bungoma, karibu kilomita 400 kutoka Nairobi. Watu wakamtambua, wakamshika, wakamuua. Hakuna kesi iliyosikizwa. Hakuna shahidi aliyeapa, hakuna jaji aliyeandika hukumu.

Hiyo ndiyo stori, aya mbili tu. Video yangu ilikuwa ya dakika 22.

Wale mliiona mnakumbuka venye ilianza. Taa zimezimwa, sauti nimeishusha kama mtu wa kusoma matangazo ya vifo redioni, halafu sauti ya matone, to, to, to. Picha ya mbele ilikuwa nyekundu yote, na neno "VAMPAYA" limeandikwa kubwa kuliko uso wangu. Neno hilo sikulitunga. DCI wenyewe ndio walimwita hivyo kwa mtandao siku waliyotangaza kumkamata, wakasema alikuwa akinyonya damu ya watoto kabla ya kuwaua. Mimi nikaona kama wakubwa wamesema, nani mimi nisiseme? Nikaongeza chumvi. Nikaweka na kipande cha filamu.

Watu elfu kwa elfu wakatazama. Komenti zikawa ni "sehemu ya pili lini?"

Sasa nije kwa Agosti iliyopita.

Kuna Anti anayetusaidia hapa nyumbani. Amekuwa nasi tangu nikiwa darasa la nne, na kama kuna mtu amenilea mchana mathe akiwa kazini, ni yeye. Anaishi Kawangware. Wale hamjui hii sehemu ya Nairobi, Lavington na Kawangware ni kama vyumba viwili vya nyumba moja. Unatembea Gitanga Road, unapita mageti yenye waya wa stima juu, kidogo kidogo barabara inaanza kujaa boda na vibanda vya mboga, na umefika. Kila asubuhi kuna msururu wa watu wanatoka huko kwa miguu wakija huku kufua, kupika, kulinda geti na kulea watoi. Jioni wanarudi. Ni dakika 20 hivi ukitembea haraka.

Anti anakaa na mtoto wa marehemu dada yake, kijana wa miaka 13. Huyo kijana anacheza namba saba na anaamini ataenda Ulaya. Alhamisi moja jioni hakurudi nyumbani. Marafiki zake wakasema kuna mtu alikuja uwanjani akasema anatafuta vijana wa majaribio, kuna akademia, kuna viatu vya bure.

Anti alienda kituo cha polisi usiku huo huo. Sitasema ni kituo gani. Akaulizwa kama mtoto amezoea kulala nje. Akaulizwa kama ana picha, akatoa simu, akaambiwa picha iliyoprintiwa. Akaambiwa labda amehepa na wenzake, watoto wa siku hizi, arudi baada ya saa 24. Akarudi nyumbani bila hata namba ya OB. Asubuhi akaja kazini kwetu, saa moja kamili kama kawaida, kwa sababu aliogopa kukosa siku. Nilimkuta jikoni amesimama mbele ya sinki na maji yanamwagika, haoshi kitu.

Nikamwambia twende. Nilivaa shati la kuchomekea, nikabeba picha nimeiprinti, na pale mezani nikaongea Kizungu cha shule niliyosomea. Wasee, dakika 10. Dakika kumi tulikuwa na namba ya OB, jina la afisa na nambari yake ya simu, na tumeambiwa "karibu wakati wowote." Meza ni ile ile, mtoto ni yule yule. Tofauti ilikuwa ni mdomo wangu. Na Anti alisimama kando yangu wakati wote huo kama aliyenisindikiza, ilhali mtoto ni wake.

Ambacho sikukijua siku hiyo, na ninataka mkijue: Kenya hakuna sheria inayosema usubiri saa 24 ndio uripoti mtoto aliyepotea. Haiko. Unaripoti saa hiyo hiyo, na unadai namba ya OB kabla hujatoka. Pia kuna 116, nambari ya kusaidia watoto, haikati kredi. Andika mahali.

Wiki hiyo hiyo, na hii siitungi, mbwa alipotea kwa kampaundi yetu. Mbwa mzuri, simchukii, tunasalimiana. Grupu ya WhatsApp ya majirani iliwaka moto. Kufikia saa nne usiku kampuni ya ulinzi ilikuwa imetoa gari lizunguke, kuna mtu ametengeneza bango la rangi na zawadi juu yake, kuna mama amelia kwa ujumbe wa sauti. Mimi nikaweka picha ya kijana wetu kwa grupu hiyo hiyo. Nikapata vidole gumba vitatu, na mtu mmoja akauliza kama hiyo ni ya hapa kwetu kweli, maana sheria za grupu zinasema mambo ya kampaundi tu.

Kijana alipatikana Ijumaa jioni. Yuko salama, nitoe hiyo njiani mapema. Yeye na mwenzake walikuwa wamepanda matatu na huyo jamaa hadi upande wa Kinoo, jamaa akawaacha kwa stendi akisema anarudi, hakurudi, na wao hawakuwa na nauli. Walilala kwa kibanda cha mama mmoja muuza chai, ambaye ndiye alipiga simu. Huyo jamaa alikuwa nani, alitaka nini, kwa nini aliwaacha, hatujui mpaka leo. Namba aliyowapa haipatikani.

Tulikuwa tunarudi kutoka kumchukua, tumekaa kiti cha nyuma, kijana amelala katikati yetu mdomo wazi. Anti akaniambia, bila kuniangalia, "Kijana, ile video yako ya yule mtu wa watoto, niliiona. Usiku ule nimekaa pekee yangu nikaiona yote."

Nikanyamaza.

"Jina lake ulilisema mara nyingi sana. Wale watoto walikuwa wanaitwa nani?"

Nilipofika nyumbani nilihesabu. Jina la Wanjala nililitaja mara 47. Majina ya watoto, hakuna hata moja. Machakos niliitaja mara moja kama jina la kituo cha basi. Majengo sikuitaja. Na Kabete niliitaja kwa kusema "msituni", kama vile ni msitu wa kwenye filamu, ilhali Kabete iko hapo tu, dakika chache za gari kutoka kwa kitanda nilichoediti hiyo video.

Tangu hapo nimekuwa nikilifikiria hilo neno, vampaya. Linamsaidia nani?

Mzazi halimsaidii. Ukimwambia mtoto wa miaka 12 ajihadhari na vampaya, atajihadhari na nini? Atatafuta meno marefu. Lakini aliyekuja kwa hao wavulana, kulingana na polisi wenyewe, alikuja kama kocha. Kijana mdogo, ameongea vizuri, anajua mpira, anaahidi kitu ambacho mtoto wa mtaa anakiota kila usiku. Hata mimi nina miaka 20 sasa, ule umri wake. Nikienda uwanjani Kawangware kesho nikiwa na filimbi na koni nne za manjano, nitaitwa kocha kabla jua halijatua, na hakuna atakayeniuliza ninatoka klabu gani. Hilo ndilo lilifaa kuwa dakika 22 za video. Mtu akisema ni kocha: anafunza uwanja gani, siku gani? Mwalimu gani wa shule anamjua? Kwa nini anaongea na watoto na hajaongea na mzazi hata mmoja? Kwa nini majaribio ni leo leo, na ni mbali, na mtoto asiseme kwa nyumbani?

Neno hilo linamsaidia anayepaswa kujibu maswali. Ukishasema huyu si mtu, ni kiumbe cha kunyonya damu, basi nani angemzuia? Hakuna kituo cha polisi kina kitunguu saumu. Lakini ukisema ni kijana wa miaka 20 aliyeanza akiwa na 16, mara moja kuna maswali yanajipanga foleni. Watoto walipotea miaka mitano, Machakos, Nairobi, magharibi mwa nchi. Kila mmoja alikuwa na mtu aliyemtafuta. Hao watu walienda kuripoti wapi, na waliambiwa nini? Walipewa namba ya OB ama waliambiwa warudi kesho? Kuna afisa aliyewahi kuchukua faili ya kaunti moja akaiweka kando ya faili ya kaunti nyingine? Halafu akishakamatwa, mtu ambaye nchi nzima imeambiwa ni hatari kupita wote, anatokaje kwa kituo?

Na hii ya damu si mara ya kwanza tunauziwa. Juni 2010 kulikuwa na Philip Onyancha, aliyekuwa mlinzi, na polisi walisema alikiri kuua watu 19 na kwamba lengo lake lilikuwa kufikia 100. Ukiuliza watu wazima leo wanakumbuka nini, watakwambia damu. Watakwambia ibada za giza. Ni kama kila kizazi tunapewa wa kwake, tunashtuka vizuri, tunarudi kulala.

Sasa, nilipotoa hiyo video nilikuwa tayari nimeanza kuandaa nyingine, ile mmeniomba sana: yule daktari Mwingereza, Harold Shipman. Nilikuwa nimeshasoma nusu. Nikaendelea kusoma, lakini kwa macho mengine, nikitafuta sio alichofanya bali nani alijua na nani alisikizwa.

Shipman alikuwa daktari wa mtaa katika mji mdogo wa Hyde, karibu na Manchester. Ndevu, miwani, sauti ya upole, anakuja kukutibu hadi nyumbani. Aliua wagonjwa wake, wengi wao akina mama wazee, kwa kuwadunga dawa kali ya maumivu, halafu anaandika mwenyewe cheti cha kifo. Mwaka 2000 alihukumiwa kwa mauaji ya 15. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Janet Smith ilitoa ripoti ya kwanza 2002 na kusema aliowaua walikuwa 215, kuanzia 1975. Januari 2004 alijinyonga gerezani Wakefield.

Sikia hii sasa. Kulikuwa na dereva wa teksi pale Hyde ambaye wateja wake wengi walikuwa hao wazee. Aliona wanakufa mmoja mmoja, wazima wazima, na wote daktari wao ni huyo. Akawa anaandika orodha. Lakini dereva wa teksi ataenda kusema nini kuhusu daktari? Machi 1998, daktari wa kliniki jirani aliona vyeti vya vifo vimezidi, akapeleka malalamiko. Polisi wakachunguza kimya kimya, na hata hawakuangalia kama Shipman ana rekodi ya uhalifu. Alikuwa nayo, ya 1976, ya kughushi karatasi za dawa. Wakafunga faili. Baada ya hapo aliua wengine watatu.

Kilichomwangusha ni nini? Juni mwaka huo alikufa mama wa miaka 81 aliyewahi kuwa meya wa mji, na ukatokea wosia unaosema mali yake yote, pauni 386,000, ni ya daktari. Binti ya huyo mama alikuwa wakili. Aliangalia ule wosia akajua ni feki, akaenda polisi akiwa na hoja zimepangwa, na wakamsikiza.

Nikasoma hapo nikakumbuka shati langu la kuchomekea.

Kwa hivyo usidhani Uingereza ni malaika. Hata huko ilihitaji mdomo wa mtu fulani. Na tukirudi nyuma, yule wanaita Jack, wa London 1888, mpaka leo kuna watu wanalipa kutembezwa usiku wakionyeshwa pale aliua. Hilo jina si lake, hakuwahi kujulikana. Wanawake watano wanaotajwa zaidi walijulikana vizuri kabisa: Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes, Mary Jane Kelly. Kuna mtu hapa alikuwa anawajua kabla sijaandika? Mimi sikuwa. Na nilikuwa nimefanya video yake pia, ile iko chini kabisa, nayo naitoa.

Tofauti moja na sisi lakini ni kubwa. Baada ya Shipman, walikaa chini miaka. Walichukua kifo kimoja kimoja, familia kwa familia, wakaandika: huyu aliuawa, huyu hakuuawa, huyu hatuna uhakika. Mtu aliyekuwa na shaka kuhusu mama yake alipata jibu kwa karatasi. Sisi, Wanjala alikufa Ijumaa, na kufikia wiki iliyofuata tulikuwa kwa stori nyingine.

Najua mtakachosema kwa sababu mlishakisema kwa komenti za ile video: si aliuawa, haki si ilipatikana? Mmoja aliandika "Bungoma wamesave serikali pesa ya ugali," na mimi nikaweka alama ya kucheka. Naomba msamaha kwa hiyo. Simlilii Wanjala. Lakini fikiria wewe ni mama ambaye mtoto wake alipotea 2018 na hajawahi kupatikana. Unamwona kwa runinga kijana anasema ameua watoto zaidi ya 10. Huyo kijana ndiye mtu pekee duniani anayeweza kukwambia kama wako ni mmoja wao, na yuko wapi. Unangoja kesi. Halafu unaambiwa ametoroka. Halafu unaambiwa amekufa. Wale waliompiga walimzika na majibu yako, na hawakukuuliza.

Hata hesabu kamili hatuna. Alichosema kwa polisi hakijawahi kupimwa mbele ya jaji, kwa hivyo hata mimi nikiandika "aliua 10" naandika maneno ya polisi. Kwenye video nililitaja kama jambo lililothibitishwa. Halikuthibitishwa.

Na tulijifunza? Julai 2024, mkikumbuka tulikuwa kwa maandamano, miili ya wanawake ikaanza kutolewa kwa magunia kwa ile timbo ya Kware, Mukuru kwa Njenga. Kituo cha polisi kiko karibu na hapo, unaweza kutembea. Na iliripotiwa kwamba familia moja iliyokuwa imepoteza binti ilisema ilielekezwa pale kwa ndoto, jamaa yao aliota, ndipo wakaomba vijana waingie kutafuta. Ndoto, wasee. Hiyo ndiyo idara ya upelelezi iliyowasikiza. Mshukiwa alikamatwa, polisi wakasema amekiri kuua wanawake 42, wakili wake akasema aliteswa ili akiri. Tarehe 20 Agosti 2024 akatoroka kutoka kituo cha Gigiri pamoja na mahabusu wengine 12. Gigiri, kituo cha mtaa wa mabalozi. Sisemi ni yeye aliua ama si yeye, hiyo ilikuwa kazi ya korti. Nasema tu familia za Kware wako pale pale familia za Majengo waliachwa.

Kuna rafiki yangu, yeye pia anatengeneza video, aliniambia nimezidisha. Akasema hizi stori zinafanya watu wawe macho, na kama sisi hatuzisemi zitasahaulika kabisa. Nusu ya hiyo nakubali. Nakubali hata kwamba Anti asingejua habari ya Wanjala vizuri kama si video yangu. Lakini nilimuuliza rafiki yangu, ile yako ya Kware, ulimpigia mtu yeyote wa Kware? Akasema bajeti. Mimi ya Wanjala nilikuwa na bajeti ya kununua sauti ya matone.

Majina ya watoto nimeyatafuta. Nimepata ya wachache yaliyochapishwa wakati ule. Siyaandiki hapa, kwa sababu nimetuma ujumbe kupitia mtu anayejua familia moja na sijajibiwa, na hawana deni la kunijibu. Wakisema hapana, ni hapana. Wakikubali, nitaenda na daftari, bila kamera, na nitakaa nisikize wanachotaka kisemwe. Inaweza kuwa mtoto alipenda nini kwa chapati. Inaweza kuwa ni kituo gani kiliwarudisha nyumbani.

Ya Shipman sifanyi. Anayetaka anaweza kuipata popote, imejaa.

Kijana wetu amerudi uwanjani. Nilidhani Anti atamkataza, lakini alisema akimkataza ataenda kwa siri, na siri ndiyo mbaya. Jumamosi nilimsindikiza. Kuna kocha mpya, mtu wa miaka 30 hivi, mpole, amevaa jezi ya zamani ya Gor. Anti akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, halafu akamwomba kitambulisho akipige picha. Kocha akakasirika kidogo. Akasema amefunza watoto hapo miaka minne na hakuna mzazi amewahi kumuuliza hivyo.

"Basi mimi ndio wa kwanza," Anti akasema, na simu yake tayari iko mkononi.

Akatoa. Akina mama wengine wawili waliokuwa wamekaa kwa ukuta wakasimama wakaja nao na simu zao.